Kilo 120 kwenye gumba lako

Leo naomba kila anayesoma ukurasa huu aweke simu chini kwa dakika moja. Najua ni adhabu kubwa, hasa kwa akina dada wanaosubiri meseji ya mtu, lakini bila hivyo hatutaelewana.

Haya. Chukua mkono wako wa kushoto, ukamate kigasha cha kulia, ile nyama iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Sasa chezesha vidole vya kulia kama vile unachati. Umesikia? Kuna vitu vinatambaa humo chini ya ngozi kama panya darini. Hao ndio wenye kazi! Ndani ya vidole vyenyewe hamna hata msuli mmoja wa kukunja wala kukunjua. Vidole ni mifupa, viungo, kano, ngozi na mafuta kidogo, basi. Misuli yote imekaa kigashani na kwenye kiganja, inavuta kwa kano ndefu. Ni kama breki ya baiskeli: unabana huku kwenye usukani, waya unavuta, gurudumu linakamatwa kule.

Nimeanza na hilo kwa sababu vijana wengi wa mjini tunadhani kupangusa simu si kazi. Kazi ni kubeba zege, au kulima. Ukimwambia baba yako kidole gumba kinakuuma kwa sababu ya simu, atakucheka mpaka jirani aje kuuliza kuna nini. Ila kuna watu wenye akili zao timamu, maprofesa kabisa, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikijenga kidole cha binadamu ndani ya kompyuta ili wajue kinabeba mzigo gani kinapogusa kitu. Hesabu walizopata si za kuchekesha sana.

Hebu tuone kidole kinajengwaje humo. Kompyuta inapewa mifupa kama vijiti, viungo kama bawaba za mlango, na misuli kama kamba zenye nguvu fulani zinazopita mahali fulani. Kidole cha shahada peke yake kinaendeshwa na misuli saba. Vitu vinavyoweza kufanyika ni vinne tu: kupinda kwenye viungo vyake vitatu, na kwenda kushoto na kulia pale kinapoungana na kiganja. Hapo ndipo shughuli inapoanza.

Umeshawahi kushuka kusukuma daladala iliyozimika? Watu saba mko nyuma, gari linasogea. Anayetazama kwa mbali anaona gari limesogea, lakini hawezi kujua nani anasukuma kwa jasho na nani kaweka tu mikono aonekane naye yumo. Kidole nacho ndivyo kilivyo. Ncha inabonyeza kioo, tunaiona, lakini ule mzigo misuli saba imegawana vipi? Majibu yanayowezekana hayana idadi. Basi kompyuta inaambiwa ichague jibu lenye uchovu mdogo kuliko yote, kwa kudhani kwamba mwili ni mvivu kama sisi na hautumii nguvu ya ziada.

Mwaka 2005 Katherine Holzbaur, Wendy Murray na Scott Delp wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa modeli ya mkono mzima, kuanzia bega mpaka kidole cha shahada na gumba, yenye sehemu 50 za misuli. Mwaka 2007 kundi la Delp likaandika kuhusu programu inayoitwa OpenSim, ambayo mtu yeyote duniani anaipata bure na kuchezea mifupa na misuli kwenye kompyuta yake. Na mwaka huohuo 2007 ndio Apple waliingiza sokoni iPhone, dunia ikaanza kupangusa. Kioo cha kugusa chenyewe si kitu kipya, Mwingereza mmoja, E. A. Johnson, alikieleza tangu 1965 kwa ajili ya waongoza ndege. Lakini 2007 ndio kiliingia mifukoni.

Sasa, je, kompyuta ikisema msuli fulani unavuta kiasi hiki, tuiamini? Hapa kuna kisa ninachokipenda mno. Miaka ya 1990 Jack Dennerlein na wenzake huko Marekani walipata wagonjwa waliokuwa wanafanyiwa operesheni ya kifundo cha mkono, ile ya kufungua njia ya neva iliyobanwa. Mgonjwa yuko macho, kafishwa ganzi mkono tu. Madaktari wakatumia nafasi hiyohiyo: kifundo kiko wazi, kano inaonekana, wakaweka kipimo juu yake wakamwambia mgonjwa abonyeze kwa ncha ya kidole. Ebwana eeh! Mie wangeniambia hivyo ningetoka mbio na kifundo wazi. Lakini wale watu walikubali, na majibu yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba nguvu kwenye kano moja tu ilikuwa wastani wa mara 3.3 ya nguvu iliyo kwenye ncha. Kwa wengine ilikaribia mara sita. Ilikuwa kubwa kuliko modeli ya wakati ule ilivyokuwa ikitabiri. Kumbe mwili si mvivu kama tulivyodhani. Kwenye kusukuma ile daladala wapo wanaosukuma mbele na wapo wanaovuta nyuma ili gari lisiyumbe, na wote wanachoka.

Hicho ni kidole cha shahada. Mzee mwenyewe wa simu ni gumba, na huko ndiko kwenye balaa.

William Cooney na Edmund Chao wa Mayo Clinic, mwaka 1977, kabla hata hatujaota simu ya mkononi, walipiga hesabu za gumba. Ukibana kitu kwa nguvu ya kilo 1 kati ya gumba na kidole, kiungo cha kwanza karibu na kucha kinabeba kama kilo 3. Kinachofuata kinabeba kama kilo 5. Kile cha chini kabisa, pale gumba linapoota kwenye kifundo cha mkono, kinabeba kama kilo 12. Kwa kushika kitu kwa nguvu sana, kama mtu anavyokamata mpini, mgandamizo pale chini unaweza kufika kilo 120. Gunia la mahindi na zaidi, ndugu yangu, limekalia kiungo kidogo ambacho ukikitoa unakiweka kwenye kiganja cha mtoto.

Najua utasema, "Sasa kioo si unagusa tu, hubonyezi?" Kweli, kioo cha simu hakihitaji nguvu. Kinahitaji ngozi yako tu. Ila jaribu hivi: weka vidole juu ya kibodi ya kompyuta ya kawaida, vipumzishe pale juu ya vitufe. Hamna kinachotokea. Sasa vipumzishe juu ya kioo cha simu. Umeshaandika upuuzi na pengine umempigia simu bosi wako! Kwa hiyo kwenye kioo kidole hakipati mahali pa kukaa, kinaning'inia hewani wakati wote kama mtu aliyekosa kiti kwenye basi la kwenda mkoani, na misuli ya kukiinua imekaza muda wote huo. Halafu gumba la mkono mmoja linatakiwa lifike kila kona ya kioo. Dennerlein huyohuyo alishiriki utafiti mwingine, uliotoka 2012, uliopima gumba likifanya kazi kwenye simu za ukubwa tofauti kwa mkono mmoja. Simu ikiwa kubwa, gumba linazidi kufanya vibaya. Na sisi tunazidi kununua masimu makubwa kama sahani ya ubwabwa.

Kuna jambo lingine la ajabu kidogo. Francisco Valero-Cuevas na Madhusudhan Venkadesan walionyesha mwaka 2008 kwamba kidole kinapokwenda kugonga kitu kigumu, ubongo hausubiri kigonge ndio ubadilishe mpango. Unawabadilisha misuli kutoka kazi ya kwenda hadi kazi ya kubonyeza kama milisekunde 65 kabla ya kugusa. Yaani kila herufi unayoichapa, "mambo vp", imepangiwa ratiba kichwani kabla hujaigusa. Ukikosea kupiga hesabu hiyo, unabonyeza kwa nguvu isiyo na maana, na tumeshaona nguvu hiyo inaishia wapi.

Sasa nihamie Singida.

Mwezi uliopita nilikuwa Mungaa, wilaya ya Ikungi, kwa shangazi yangu. Mnaoijua Singida mnaijua kwa kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti, lakini kuku hao na alizeti hiyo haviji vyenyewe. Kuna mikono nyuma yake. Shangazi ni mkulima tangu nimfahamu: alizeti, uwele, viazi vitamu, na bustani ya vitunguu. Jembe la mkono. Wakati wa mavuno vichwa vya alizeti vinakatwa, vinaanikwa, vinapigwa kwa fimbo mpaka mbegu zitoke. Ukimsalimia kwa kumpa mkono unahisi kama umeshika gome la mti, na ukisema "shikamoo shangazi" anaitikia "marahaba mwanangu" huku anakuminya mpaka macho yanakutoka.

Mwaka jana mjukuu wake aliyeko Dodoma alimnunulia simu ya kupangusa. Kitochi chake cha zamani kikawekwa kando. Siku niliyofika nikamkuta kakaa chini ya mti, simu mkononi, kakunja uso.

"Mwanangu, hiki kioo kinanibagua," akaniambia.

"Kinakubagua vipi, shangazi?"

Akanionyesha. Akagusa namba, kimya. Akagusa tena, kimya. Akabonyeza kwa nguvu mpaka ukucha ukawa mweupe, ikaingia namba ya pembeni. Kisha akamwita mjukuu mwingine, kabinti ka miaka kama tisa hivi. Kakagusa kwa ncha ya kidole, simu ikatii mara moja kama imefundishwa adabu.

Si uchawi. Kioo cha simu hizi kina umeme mdogo sana uliotandazwa juu yake, na kidole, kwa kuwa kina maji na chumvi, kinaunyonya kidogo pale kinapogusa. Simu inasoma tofauti hiyo ndogo. Ngozi laini yenye unyevu inafanya kazi vizuri. Ngozi kavu yenye sugu nene ni kama umevaa glovu usizoziona, umeme haupiti vizuri. Ukiongeza na kwamba sugu haibonyei kirahisi, eneo linalogusa kioo linakuwa dogo. Ndiyo maana wazee wengi wanalamba kidole kabla ya kugusa simu, na vijana tunawacheka. Kumbe wazee wamegundua fizikia yao wenyewe! Mwingine nilimwona pale Mungaa anatumia kidole cha mwisho, kile kidogo, kwa kuwa hakishiki sana mpini wa jembe. Mwingine anatumia kifundo cha kidole kama anabisha hodi.

Ncha ya kidole nayo ina modeli zake. Mwaka 2003 watu wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Kiran Dandekar, Balasundar Raju na Mandayam Srinivasan, walitengeneza kwenye kompyuta ncha ya kidole yenye tabaka za ngozi, nyama na mfupa, waone inabonyea vipi ikiguswa. Walitengeneza ya binadamu na ya tumbili. Ndiyo, tumbili! Walikuwa na sababu zao za kisayansi, kwani mengi kuhusu neva za mguso yalipimwa kwa tumbili. Sina ugomvi na tumbili. Lakini niliwaza palepale chini ya mti: vidole vinavyoingia maabara mara nyingi ni vya wanafunzi wa vyuo vikuu, kwa sababu ndio wako karibu na wana njaa ya posho. Kidole cha mwanafunzi anayeshika kalamu na kidole cha shangazi anayeshika jembe ni vitu viwili. Ukubwa wa kitufe kwenye kioo, umbali kati ya herufi na herufi, namna simu inavyoamua huu ni mguso au ni vumbi, vyote vinatoka kwenye vipimo vya vidole. Asiyepimwa hayumo.

Sasa rudi kwenye ile hesabu ya gumba. Shangazi akiona kioo hakisikii anafanya nini? Anabonyeza zaidi. Na yeye hafiki kwenye simu na gumba jipya kutoka dukani. Anafika na gumba ambalo limeshakamata mpini tangu alfajiri, kwa mgandamizo ule wa akina Cooney na Chao. Kiungo kile cha chini ya gumba ni kimojawapo cha vile vinavyosagika gegedu mara nyingi kwa akina mama wenye umri wake, hilo madaktari wanalijua siku nyingi. Niliona anavyokisugua huku anaongea nami, bila kufikiri, kama mtu anayesugua pete.

Na hili la kioo kubagua si jambo la kucheka, kwa sababu ya pesa. Vitunguu vyake vikinunuliwa, pesa inaingia kwenye simu. Ili aitoe lazima aandike namba ya siri. Kioo kikimkatalia, anaandikiwa na mjukuu. Mjukuu akiijua, rafiki wa mjukuu ataijua, na kaka wa rafiki wa mjukuu, yule mwenye madeni ya kubeti, huyo ndiye wa kwanza kuijua! Siri ya watu wanne ni tangazo. Shangazi hakuniambia kama ameshaibiwa, nami sikuuliza, lakini niliona namna alivyokuwa anamtazama yule binti.

Wala si mara ya kwanza vidole vya wakulima kuleta shida. Tarehe 1 Mei 2019 usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza hapa Tanzania, kila mtu alitakiwa aweke kidole kwenye kimashine, na mwisho ulisogezwa kutoka Desemba 31, 2019 mpaka Januari 20, 2020. Kwetu mjini tabu ilikuwa foleni. Kwa mtu mwenye mikono ya kazi tabu ni kwamba mistari ya kidole imelika, mashine inatafuta alama haizioni. Pale Mungaa mzee mmoja aliniambia wakala alimfuta kidole kwa kitambaa chenye maji, akajaribu kingine, na kingine, mpaka vidole vikawa vinaisha. "Nikamwambia kijana, bado vya miguu," akasema mzee, watu wakaanguka kicheko.

Maoni yangu mie ni haya, na mnaweza kunitukana. Programu ya kujenga kidole kwenye kompyuta inapatikana bure tangu enzi hizo. Vijana wa uhandisi tunao, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nelson Mandela pale Arusha, na madaktari wa Muhimbili wanaojua kano moja baada ya nyingine. Kinachokosekana kwenye kompyuta ni vipimo: unene wa sugu, upana wa ncha ya kidole, nguvu ya kubana, kiasi cha unyevu. Hivyo havihitaji maabara ya Stanford. Vinahitaji mtu apande basi mpaka Ikungi na vipimo vyake mkobani, akae chini ya mti na akina shangazi, na awalipe posho kama wanavyolipwa wanafunzi. Hivi mtu anayeandika tasnifu ya kompyuta hapa Bongo kwa nini aige vidole vya Boston?

Na wewe unayesoma hii huku gumba limeanza kukuwasha, nisikusahau. Kuna ugonjwa wa kano za gumba pale upande wa kifundo, daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza tangu 1895, kwa hiyo usidhani umeletwa na simu. Ila kano ni zilezile unazozikimbiza usiku kucha. Ukifungia gumba ndani ya ngumi, ukainamisha mkono kuelekea upande wa kidole kidogo, na maumivu makali yakapanda, nenda ukamwone daktari, usiende kwa mchua misuli wa kijiweni. Wakati huo, shika simu kwa mkono mmoja uguse kwa kidole cha shahada cha mkono mwingine. Maneno mengi tuma kwa sauti. Na kwenye simu nyingi kuna mpangilio wa kuongeza ukubwa wa herufi na vitufe, wenye simu wengi hawajawahi hata kuufungua.

Huo mpangilio niliufungua kwenye simu ya shangazi. Nikaweka herufi kubwa kabisa, nikamwonyesha jinsi ya kulaza kidole badala ya kukichoma kwa ncha, ili eneo kubwa liguse kioo. Ikasaidia kidogo. Sasa anaangalia picha za wajukuu bila kuita mtu, na anatuma meseji za sauti ndefu kama hotuba ya mkuu wa wilaya.

Lakini kitochi hakukitupa. Jioni, mnunuzi wa vitunguu alipotuma pesa, alikitoa kwenye khanga, kile cha vitufe vilivyofutika namba. "Hiki nikibonyeza kinanijibu," akasema. Akapiga *150*00#, tik, tik, tik, vitufe vinalia. Alipofika kwenye namba ya siri akanyanyua macho, akatutazama wote tuliokuwa pale, mjukuu, mimi na mnunuzi, kisha akageuza kiti akatupa mgongo.